Hata Mimi Nilipitia. Halafu?

Jumamosi moja ya likizo ya Aprili nilisimama mbele ya wasichana kama arobaini katika ukumbi wa kanisa, nje kidogo ya mji wa Embu, nikawasimulia maisha yangu. Walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na soda yake na mandazi mawili, na chini ya kila kiti kulikuwa na pakiti ya pedi. Aliyenialika alinitambulisha kama "mwandishi na mfano wa kuigwa." Hakusema kwamba niliacha chuo mwaka wa pili. Mimi pia sikusema.

Niliongea dakika ishirini. Hadithi hiyo nilikuwa nimeisimulia mara nyingi, kwa hivyo nilijua pa kupunguza sauti na pa kunyamaza. Nilipata mimba nikiwa na miaka 16, kidato cha tatu. Nikachekwa, nikatengwa. Nikajifungua. Nikarudi shuleni. Nikapata B kwenye mtihani wa kidato cha nne. "Nilikosea," niliwaambia, "lakini sikukata tamaa. Nilivumilia, na leo niko hapa." Wakapiga makofi. Wawili waliokaa nyuma walikuwa wanalia. Nilijisikia vizuri, sitadanganya.

Wengine walipoanza kutoka, msichana mmoja mwenye sweta ya kijani, wa miaka kama 15, alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba za viatu. Kisha akanijia.

"Anti, kwani mtu akivumilia tu, inaisha?"

"Ndio, mrembo," nikamjibu. "Inaisha." Nikamkumbatia. Akachukua pedi zake, akaenda.

Usiku huo nilikuwa nakaanga mayai kwenye kachumba kangu ka kukodi swali lile liliponirudia. Nikazima jiko. Sikuwa nimemuuliza ni nini hicho anachotaka kiishe.

Nimeandika haya kwa sababu ya jibu langu la siku ile. Kuna imani moja tunayoishi nayo sana, hasa sisi tunaoalikwa kwenye makongamano ya vijana na makambi ya likizo: kwamba ukishapitia jambo gumu, umepata leseni ya kuwaongoza wanaolipitia sasa. Waswahili wana msemo wa kuiunga mkono: kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mimi nililala. Nawajua kunguni. Basi nisikilizwe.

Lakini nikiutazama msemo huo tena, hausemi hivyo. Unasema aliyelala kitandani anawajua kunguni wa kitanda kile. Hausemi lolote kuhusu kitanda cha msichana mwenye sweta ya kijani. Wala hausemi kwamba aliyeumwa anajua kunguni walitoka wapi, au wanauawaje. Kuumwa ni kuumwa tu.

Wacha niwape hadithi yangu tena, safari hii na vipande nilivyokuwa nikivikata.

Nililelewa na shosho kwenye ploti moja ya vyumba vya mabati pembeni mwa mji wa Meru, mama akiwa Nairobi akifanya kazi za nyumba na kutuma pesa anapopata. Shule ilikuwa mbali. Kulikuwa na mwanamume mmoja, zaidi ya miaka 30, mwenye pikipiki, aliyekuwa akinibeba asubuhi bila malipo. Baadaye akawa ananinunulia pedi. Baadaye akawa anadai. Hivyo tu, hakuna mapenzi humo. Nilipopata mimba alihamia kusikojulikana, na hakuna mtu hata mmoja, pamoja na mimi, aliyewaza kwenda kituo cha polisi.

Sheria ya Makosa ya Kijinsia ilipitishwa Kenya mwaka wa 2006. Inasema mtu mzima anayelala na mtoto wa kati ya miaka 16 na 18 amenajisi, na kifungo chake hakipungui miaka 15. Mimi nilikuwa na miaka minane sheria hiyo ilipoanza. Nilikuwa nayo muda wote ule, kama mwavuli uliofungiwa kabatini mvua ikininyeshea. Na bado, miaka karibu kumi baadaye, nikisimama mbele ya watoto wa watu, neno nililolichagua kueleza kilichonipata lilikuwa "nilikosea."

Hicho ndicho kipande cha kwanza nilichokikata: mwanamume. Katika simulizi yangu mimba ilikuja kama mafua.

Kipande cha pili ni watu walionisaidia. Jirani yetu alikuwa na kibanda cha mboga soko la Gakoromone. Nilipojifungua, ni yeye aliyesema, bila kuombwa, "Mlete mtoto kwangu, wewe nenda shule." Kila alfajiri alimbeba binti yangu hadi sokoni na kumlaza kwenye kreti ya nyanya iliyotandikwa leso, akauza sukuma wiki huku akimbembeleza. Miaka miwili. Na shuleni kulikuwa na deputi, mwanamke mkali tuliyemwogopa kuliko mtihani. Nilipoambiwa mambo yangu na masomo yameisha, yeye ndiye aliyemweleza shosho kwamba Kenya ina sera tangu mwaka wa 1994 inayomruhusu msichana aliyezaa kurudi darasani, na kwamba hakuna wa kunifungia lango. Shosho hakuwa amewahi kuisikia. Wala mimi.

Kwa nini niliwakata hawa? Nimejiuliza sana. Jibu la aibu ni kwamba hadithi inanoga zaidi ukiwa peke yako. Makofi hupigiwa mtu mmoja. Ukisema "nilivumilia," watu wanakuona simba. Ukisema "mama mboga alinishikia mtoto," watu wanamwona mama mboga.

Lakini fikiria nilichomnyima yule msichana. Nilimficha mhalifu, kwa hivyo hakujua kwamba kinachompata kinaweza kuwa na mhalifu. Nilificha sheria, nikaficha sera, nikaficha jirani na deputi. Nikambakishia kitu kimoja tu mkononi: uvumilivu. Na alikielewa vizuri kabisa. Swali lake halikuwa la kijinga. Ndilo hitimisho la haki la hotuba niliyoitoa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba "hata mimi nilipitia" ni nusu ya sentensi. Uzito wake wote uko kwenye nusu ya pili, na nusu hiyo inaweza kwenda popote.

Shosho wangu alikuwa na ya kwake. Siku nilipomwambia nina mimba, hakunipiga wala hakulia. Alisema, "Hata mimi nilizaa nikiwa mdogo. Sikufa." Alikuwa ananifariji, najua. Lakini nusu ya pili ya sentensi yake, ile ambayo hakuitamka, ilikuwa: kwa hivyo nawe pita. Watu walioumia wanaweza kuwa walinzi wakali zaidi wa kile kilichowaumiza, bila ubaya wowote moyoni. Wakikubali kwamba wewe hukupaswa kuumia, watalazimika kukubali kwamba wao pia hawakupaswa. Hilo ni jambo zito kwa mtu wa miaka sabini.

Na katika nchi hii ya Meru, nusu hiyo ya sentensi ina historia ndefu. Mwaka wa 1956, wakati wa hali ya hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke, kwa msukumo wa maafisa wa kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Baraza la wanaume. Wasichana hawakuulizwa, na mama zao hawakuulizwa. Kilichofuata hakikutarajiwa na wengi: wasichana wenyewe walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakakeketana. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe." Kwa miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kukiuka amri hiyo.

Shosho aliniambia dada yake mkubwa alikuwa miongoni mwao. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto bado, kazi yake ilikuwa kuchota maji. Nilitarajia asimulie kwa huzuni. Alisimulia kwa fahari, kisha katikati akanyamaza, akabadilisha mada, akaniuliza kama nimefungia kuku.

Sisemi wale wasichana walifanya vyema. Ukeketaji ni ukatili, na tangu 2011 tuna sheria maalum inayoupiga marufuku. Ninachosema ni kwamba waliokuja kuwaokoa walikuwa na uhakika mkubwa na masikio madogo. Kwa msichana wa wakati ule, maumivu yale yalikuwa mlango wa kuingia utu uzima, wa kuolewa, wa kuheshimiwa. Wazee waliufunga mlango, hawakujenga mwingine. Basi wakaruka ukuta.

Mlango mwingine ulikuja kujengwa miaka arobaini baadaye, katika eneo hilohilo. Huko Gatunga, Tharaka, mwezi wa Agosti mwaka wa 1996, familia kama thelathini zilikubaliana kuwapeleka binti zao kwenye jando la aina mpya: juma moja la kukaa ndani, mafunzo kuhusu mwili, heshima na utu uzima, kisha sherehe, ngoma na zawadi. Wembe haukuwepo. Waliliita Ntanira na Mugambo, kutahiri kwa maneno. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lilikuwa nyuma ya mpango huo, lakini mimi ninawafikiria zaidi wale mama. Wengi wao wenyewe walikuwa wamekatwa. Wangeweza kusema "nilipitia, pita." Walikaa pamoja wakaitafutia sentensi hiyo mwisho mwingine: nilipitia, na najua ni nini ndani yake ulichokuwa unakihitaji kweli. Ulihitaji kuitwa mtu mzima, ufundishwe, usherehekewe. Wembe hukuuhitaji.

Tazama kazi waliyoifanya. Hawakuyatumia maumivu yao kama hotuba. Waliyapekua, wakatenganisha kilichokuwa cha thamani na kilichokuwa jeraha tupu. Kazi hiyo mtu hawezi kuifanya peke yake, kwa sababu jeraha lako mwenyewe liko karibu mno na macho yako. Mimi nilihitaji karibu miaka kumi na swali la mtoto ili nitoe neno "nilikosea" mdomoni mwangu.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi, na kila msichana wa Meru angepaswa kuujua kama anavyojua jina la gavana. Mwaka wa 2012 wasichana kumi na mmoja, pamoja na Ripples International, shirika la Meru lenye makao ya watoto walionajisiwa, walikwenda Mahakama Kuu ya Meru. Kesi hiyo ilikuja kujulikana duniani kama kesi ya wasichana 160. Walikuwa wamenajisiwa, wakapiga ripoti, na polisi hawakufanya lolote la maana. Hawakuwashtaki wanaume waliowaumiza tu. Walilishtaki Jeshi la Polisi kwa kutowalinda. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau aliamua kwamba kushindwa kwa polisi kufanya uchunguzi wa haraka na wa kitaalamu kulivunja haki zao chini ya Katiba ya 2010, akaamuru uchunguzi ufanywe ipasavyo.

Ninaporudia kuifikiria kesi hiyo, mambo mawili hunigusa. La kwanza ni majina. Kwenye hukumu wasichana wale ni herufi tu: C. K. na wenzake. Hakuna aliyesimamishwa mbele ya viti vya plastiki alie kidogo ili watu waguswe. Maumivu yao yalitumika, na yalifanya kazi kubwa kuliko hotuba zangu zote, lakini wao wenyewe walifichwa. Waliruhusiwa kukua wawe watu wengine.

La pili ni idadi. Msichana mmoja akinajisiwa na polisi wasijali, anaweza kulala akiamini kwamba ni bahati yake mbaya, au sketi yake, au ile lifti ya pikipiki. Kumi na mmoja wakiweka yaliyowapata mezani pamoja, bahati mbaya inageuka kuwa utaratibu. Inaonekana ina mikono, ina ofisi, ina daftari la ripoti lisilofunguliwa. Ndiyo maana siamini tena kwamba kupitia jambo kunakufanya ulijue. Nilichopitia mimi kilinifundisha jinsi kinavyouma. Kukielewa kulihitaji niwekwe karibu na wengine.

Na wengine ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 uligundua kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kupata mimba. Kwa Meru ilikuwa asilimia 24. Karibu mmoja kati ya wanne. Ukiketi na wasichana arobaini wa Meru, basi hesabu ni kama kumi. Nilipoiona takwimu hiyo kwa mara ya kwanza nilikasirika, halafu nikaona aibu, kwa sababu kwa miaka yote nilikuwa nimejisimulia kama muujiza. Mimi ni sehemu ya asilimia.

Rafiki yangu mmoja, ambaye pia huzungumza na vijana, alinisikiliza nikilalamika hivi tukinywa chai, kisha akanikatiza. "Wewe unafikiria sana," akasema. "Mimi niliokolewa na hotuba kama hizo zako. Nilikuwa kidato cha pili, nataka kujitoa uhai, akaja dada mmoja shuleni akasema 'hata mimi nilipitia.' Sikumbuki kitu kingine alichosema. Hayo maneno matatu tu. Nikajua siko peke yangu."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani nilihitaji kuwa nalo. Ana haki. Kuna usiku ambao mtu hahitaji sheria wala takwimu, anahitaji tu kujua kwamba binadamu mwingine amewahi kuwa katika giza hilo na leo anakunywa chai. Kumnyima mtu hilo kwa sababu ya falsafa ni ukatili.

Lakini nikamuuliza, "Halafu baada ya hapo?" Akafikiri. "Halafu nilimfuata mwalimu wa ushauri," akasema. "Yule dada alikuwa amesema ataongea na mwalimu huyo kabla ya kuondoka, na kwamba mtu akitaka aende." Tukatazamana. Hata yeye alikuwa amekikata kipande hicho. Maneno matatu yalimfungulia dirisha, na mwalimu wa ushauri akawa mlango, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akilishukuru dirisha peke yake.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na nauweka wazi ili unipinge ukitaka. Kupitia shida hakunipi mamlaka juu ya msichana yeyote. Kunanipa deni. Najua pale daraja lilipovunjika, najua na nani aliweka ubao nikavuka. Nikimwambia msichana "vuka, mimi nilivuka," na nikanyamaza kuhusu ubao, nimemdanganya hata kama kila neno langu ni la kweli. Na nikimwonyesha ubao nisiseme kwamba daraja linapaswa kujengwa, na kwamba kuna watu wanaolipwa kulijenga, nimemfundisha kuzoea mto.

Jumamosi iliyofuata nilirudi ukumbini bila kualikwa. Nilimwomba aliyeandaa kambi ile ruhusa ya kuongea na msichana mwenye sweta ya kijani, na nikamwomba naye awe karibu, mahali anapoonekana. Tukaketi nje, karibu na tangi la maji.

"Wiki ile nilikudanganya," nikamwambia.

Akaniangalia tu.

Nikamweleza. Mwanamume wa pikipiki, umri wake na wangu. Kwamba halikuwa kosa langu na sheria inasema hivyo. Mama mboga, kreti ya nyanya, deputi. Nikamwambia pia kwamba niliacha chuo, kwa sababu pesa ziliisha na mtoto alikuwa mgonjwa na sikuwa na mtu wa kumwachia, na kwamba hakuna mwisho mzuri wa hadithi yangu ninaoweza kumwonyesha, ninaandika makala na kulipa kodi ya nyumba nikichelewa.

"Kwa nini hukusema hayo siku ile?" akauliza.

"Niliona aibu."

Akachora kitu ardhini kwa kidole cha kiatu. "Huyo mama wa mboga alikuwa wa familia yenu?"

"Hapana. Jirani tu."

"Mimi sina jirani kama huyo."

Hapo ndipo nilipoelewa tena habari ya kitanda na kunguni. Ramani yangu ilikuwa ya mji mwingine. Nilitaka kumwambia ana wengine, atapata tu, Mungu yupo. Nikajizuia. "Basi tutafute mwingine," nikasema. "Shuleni kwenu kuna mtu mzima hata mmoja ambaye ukimwambia kitu hakutangazi?"

Alikaa kimya muda mrefu. Akamtaja mwalimu mmoja.

Kisha nikamuuliza lile swali ambalo ningepaswa kumuuliza wiki iliyotangulia: ni nini hicho unachokivumilia? Akanijibu. Aliyoniambia si yangu kuyaandika. Nitasema tu kwamba hakurudi nyumbani peke yake siku ile, kwamba tulipiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, kwamba ofisi ya watoto ilihusishwa, na kwamba mwalimu aliyemtaja alikuja kwa boda boda akiwa bado na aproni ya jikoni. Kama yote yatakwenda sawa, sijui. Mambo haya huchukua muda, na najua vizuri jinsi faili zinavyoweza kulala. Lakini yumo mtu wa pili ndani ya shida yake sasa, na wa tatu.

Siku hizi nikialikwa bado naenda. Sisemi tena "nilikosea." Nasema nilikuwa mtoto na yeye alikuwa mtu mzima. Nawaambia nambari 116, na 1195 ya visa vya dhuluma za kijinsia, wanazirudia kwa sauti kama jedwali la kuzidisha. Nawaambia kuhusu sera ya kurudi shuleni, kuhusu wasichana kumi na mmoja na Mahakama Kuu ya Meru. Nawaambia niliacha chuo. Halafu naacha nusu ya muda niliopewa, naketi kwenye kiti cha plastiki kama wao, nasubiri. Makofi yamepungua. Maswali yameongezeka.

Mwezi uliopita nilipanda matatu ya kwenda Meru, Runyenjes, Chuka, Nkubu, nikamtafute jirani yetu wa zamani. Bado yuko Gakoromone, safu ileile, ingawa amezeeka na sasa anauza pia parachichi. Binti yangu, ambaye ana miaka tisa na hakumbuki kreti yoyote, alimwamkia kwa aibu akajificha nyuma yangu. Nikamwambia yule mama kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia maisha yangu mbele za watu, na hata siku moja sikumtaja. Nikamwomba msamaha.

Alicheka hadi akashika meza.

"Sasa ungesema nini juu yangu?" akasema, huku akikata sukuma wiki ya mteja. "Mimi nilishika mtoto tu."